Hodi ya Nne

Jumamosi asubuhi Randa alikuwa amelala chali chini ya gari lake, nyuma ya karakana ya makabati, vumbi la mbao limemganda kisogoni, akikaza nati ya mwisho ya shokapu ya mbele kushoto. Zote nne alizifunga kwa mikono yake mwenyewe, pamoja na springi zake. Zilikuja kwenye maboksi yasiyo na jina la kampuni iliyounda gari, na ndani mlikuwa na karatasi yenye michoro mitupu. Randa aliipenda karatasi ile. Mchoro hauna kiburi, hukuonyesha na kunyamaza.

Waliompa jina la Randa hawakukosea. Alikuwa fundi makabati, na ulimi wake nao ulikuwa unakwangua.

Ng'ambo ya njia, Kipara mwenye gereji alikuwa ameegemea mlingoti wa taa na kikombe cha chai mkononi, akitazama.

"Bwana mdogo," alisema, "gari si kabati."

"Hata kabati si gari. Lakini la kwenu ulilifunga mwenyewe, na mlango wake unafungukia ukutani."

Kipara akanywa chai yake. Ilipopoa akauliza tena, safari hii kifundi: "Bushi umezikaza gari likiwa juu ya jeki?"

"Nimezikaza likiwa chini, limesimama kwa miguu yake."

Kipara alisikitika kidogo, kwa kuwa kukaza gari likiwa juu ya jeki ndilo kosa la kila anayejifungia vipuri mwenyewe, na alikuwa ameshaandaa la kusema.

Springi zile zilinunuliwa kwa ajili ya nyonga ya mama. Kila Jumatatu mama yake Randa alipelekwa kliniki kunyooshwa nyonga, na njia za kwenda huko zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa Barabara Pana, lami nyeusi iliyonyooka kama kitambaa kilichopigwa pasi. Ya pili ilizunguka machimbo ya mawe, na mashimo yake yangetosha kuogeshea mtoto. Mama alichagua ya machimbo. Barabara Pana ilipita juu ya mtaa walimokuwa wakiishi. Ofisi ya barabara ilisema, na bado inasema, kwamba pale palikuwa eneo wazi. Mama alikuwa ameolewa kwenye eneo wazi hilo, akazalia humo, akapaka chokaa kuta za eneo wazi kila mwaka, mpaka asubuhi lilipokuja tingatinga.

"Sipiti juu ya paa langu," alisema, na wakawa wanazunguka machimboni, mama ameuma ncha ya mtandio ili asigune.

Jumatatu ya kwanza ya springi mpya, mama alisinzia njiani. Alizinduka langoni mwa kliniki, akajifuta mdomo na kusema, "Umezifunga vizuri." Mama huyu hakuwahi kumsifu hata aliyemzalisha. Randa aliendesha siku nzima kifua mbele.

Kesho yake alipakia kabati la mteja na kushika Barabara Pana, kama alivyozoea akiwa kazini bila mama. Mara tu matairi yalipotulia kwenye lami, gurudumu la mbele kushoto likagonga. Ko, ko, ko. Kikapita kimya. Kisha la kulia likagonga nalo. Ko, ko, ko.

Randa alisimama pembeni akatazama. Nati za juu zilikuwa zimekazwa. Springi zilikalia vikombe vyake barabara. Aliushika mkono wa stabilaiza akautikisa, ukabaki umetulia. Alilishika gurudumu juu na chini, kisha kulia na kushoto, nalo halikuyumba. Alitoa jeki kwenye buti akaifunga ndani ya blanketi, akatoa na tairi la akiba, akakaza hata kibanio cha waya wa breki ambacho hakina kosa duniani. Kisha akaenda kulijaribu njia ya machimbo. Aliingia kwenye shimo moja baada ya lingine kwa makusudi. Gari lilipita kimya kama paka jikoni. Akarudi kwenye lami. Ko, ko, ko.

Ilimkera. Mtu anaweza kumwambia Randa kwamba ana mdomo mchafu na akacheka. Kumwambia kazi yake imelegea, hilo halikubali. Hata hivyo alikwenda kwa Kipara.

Kipara alipanda, akashusha kioo, akatoa kichwa nje chote. Walikwenda na kurudi.

"Kelele ya shokapu hutoka kwenye mashimo," alisema. "Hii inatoka kwenye lami nzuri. Rudisha zile kuukuu tusikie."

Walizirudisha. Gari lilipita Barabara Pana likipepesuka kama mlevi, lakini halikugonga.

"Unaona sasa?" Kipara akatabasamu.

"Naona nini? Zile zimekufa zamani. Ukimuuliza maiti habari za njiani, atakujibu nini?"

Kipara akaona ni kweli. Akazifunga mpya yeye mwenyewe, kwa spana zake, polepole, akiwa amemkataza Randa kugusa chochote. Wakaingia barabarani. Ko, ko, ko.

Kipara alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Basi tatizo si ufungaji," alisema, na ilimuuma kulisema. Akasikiliza tena. "Bolti iliyolegea haina adabu, hugonga ovyo. Hii inagonga tatu, inanyamaza, inasogea mbele, inagonga tatu. Hizi ni hodi." Alilisema kwa sauti ileile anayotumia kumwambia mtu kwamba gari lake linavuja oili.

Randa akapunguza mwendo. Walikuwa wamefika pale penye kivuko cha wanafunzi, na gurudumu la kushoto lilikuwa limegonga kwa namna nyingine. Ko, ko, ko-kwa. Aliujua mkia ule. Ulikuwa mlio wa mlango wa nyumba yao iliyovunjwa, wa kwanza kuutengeneza maishani, alipokuwa anajifunza kazi, na bawaba ya chini aliiweka chini mno, kwa hiyo ukigongwa unarudi na kupiga fremu. Alitaka kuurekebisha mara nyingi. Mama alikataa, akasema unamsaidia kupambanua mgeni na upepo.

"Ni mlango wetu huo," alisema Randa.

"Mlio mzuri," alisema Kipara. "Mbao ngumu."

Habari haikai mfukoni. Waliokuwa majirani, ambao sasa walikuwa wametawanyika kila upande, wakaanza kufika karakanani mmoja mmoja. Nesi mstaafu alikaa siti ya mbele, mkoba mapajani, na mlango wake wa bati ulipogongwa akasema, "Ndio huo," akashuka na kwenda sokoni. Kinyozi alisikia zaidi. Baada ya hodi yake alisikia redio aliyoiacha ikiwaka, bado iko kwenye kituo kilekile, na betri zilikuwa zimeanza kuchoka. Mjane mmoja alisikia komeo likivutwa, kisha likarudishwa, kama mtu aliyechungulia akaona si mgeni wake. Alikasirika kidogo. Randa aliwapeleka wote. Alichoomba ni kwamba wasibamize mlango wa gari.

Ndipo akaja Mkaguzi wa barabara. Alikuwa na kofia ngumu nyeupe isiyo na mkwaruzo, na viatu alivyovikagua kabla ya kukanyaga vumbi la mbao.

"Gari lako linapiga kelele kwenye barabara yetu."

"Barabara yenu ndiyo inayopiga. Machimboni halisemi neno."

"Machimboni hakuna lami."

"Wala hapakuvunjwa nyumba."

Mkaguzi akashusha pumzi. Hakuwa mtu mkali. "Sikiliza, kijana. Sisemi kwamba sisikii. Hodi nazisikia, nina masikio. Nasema zinatoka kwenye gari lako. Wewe sema tu kwamba springi ulizifunga vibaya, uzitoe, yaishe. Kukosea ni kitu gani? Kila mtu hukosea."

"Hata mimi nimekosea," alisema Randa. Aliweka msasa chini. "Bawaba ya chini ya mlango wa mama yangu niliiweka chini mno. Hilo nakiri mbele ya yeyote. Kaseme ofisini kwenu."

"Mlango upi?"

"Ulio chini ya lami yako, penye kivuko cha wanafunzi."

"Pale palikuwa eneo wazi."

"Basi sijawahi kukosea," alisema Randa, akaokota msasa wake.

Mkaguzi alitoka nje, akaibandua stika ya ukaguzi kwenye kioo cha gari kwa ukucha, taratibu, ili isichanike. Gari lisilo na stika haliruhusiwi kutembea barabara yoyote. Siku Randa atakapokuwa tayari kusema amefunga vibaya, alisema, stika ataikuta ofisini, mezani kwake Mkaguzi. Akaikunja na kuitia mfuko wa shati.

Jumatatu mama alikuwa tayari tangu chai haijachemka, mtandio kichwani, mkono mmoja umeshika nyonga. Randa alimweleza yote akiwa amesimama mlangoni.

"Alitaka useme umefunga vibaya?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe ukamwambiaje?"

"Nimemwambia sijawahi kukosea."

"Mwongo mkubwa wewe. Ule mlango umeninyima usingizi miaka na miaka." Alimaliza chai yake. "Na hilo gari bila stika wanalikamata?"

"Wakilikuta."

"Machimboni watalikuta?"

"Machimboni hawaendi. Wanaogopa mashimo."

Mama aliinuka kwa kujishikilia meza. Alikataa mkono wa mwanawe mpaka alipofika garini. Alipokwisha kukaa na kuvuta mkanda, akasema, "Leo twende na barabara yao."

Randa aliendesha polepole, upande wa kushoto, taa zimewashwa kama kwenye harusi. Waliokuwa nyuma walipiga honi kisha wakawapita. Gari lilianza hodi zake, na mama akawa anawataja wenyewe kama anayepita uani akisalimia. Huyo nesi. Huyo kinyozi, ona redio yake, na siku ile alisema kaizima. Huyo shemeji yako marehemu, hakuwahi kufungua mlango akiwa hai, usimsubiri. Hakulia. Alikaa wima kuliko Randa alivyomwona tangu nyonga ianze.

Penye kivuko cha wanafunzi, Mkaguzi alikuwa na vibarua wake wakisimika kibao kipya pembeni mwa barabara. Kibao kilisema: MARUFUKU KUPIGA HODI. Rangi ilikuwa haijakauka.

Gari likagonga. Ko, ko, ko-kwa.

"Karibu," akasema mama.

Randa akakanyaga breki. Mbele yao lami ilichanika kwa mstari ulionyooka, upana wa mlango, ikainuka upande mmoja ikikwaruza chini kama mlango wao ulivyokuwa ukikwaruza siku zote. Kuku mwekundu akatoka. Alikuwa kuku wa mama, aliyepotea siku ya tingatinga. Alikuwa amekonda kidogo. Alijikung'uta vumbi la chokaa, akatazama huku na huku, akavuka kwenye kivuko.

"Kumbe alikuwa ndani," alisema mama. "Nami namsingizia kicheche."

Mkaguzi akaja dirishani. "Mama, kuku haruhusiwi barabarani."

"Shikamoo haipo?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Siku ile mlikuja na tingatinga lenu asubuhi, nimeshika sufuria, hamkupiga hodi hata moja. Mwanangu leo kapiga tatu, mnamwekea kibao."

"Mama yangu, pale palikuwa eneo wazi."

"Na huyu kuku alikuwa akiishi kwa nani?"

Mkaguzi alimtazama kuku. Kuku naye alimtazama, jicho moja, kisha la pili. Mkaguzi akageuka na kuwaambia vibarua walete lami ya moto. Walikuwa nayo kwenye toroli, kwa kuwa walishazoea. Wakaushusha mlango kwa makoleo, wakamwaga, wakashindilia, wakapitisha na roli ndogo ya mkono. Kazi safi. Randa mwenyewe, aliyejua kazi safi akiiona, hakupata pa kuitoa kasoro.

"Sema ulifunga vibaya," Mkaguzi alimwambia, kwa upole, akipapasa mfuko wa shati. "Stika ninayo hapa."

"Mama kasinzia machimboni kwa hizi springi," alisema Randa. "Nimefunga vizuri."

Alishuka akamkamata kuku, akamweka siti ya nyuma, wakaenda kliniki. Nyonga ilinyooshwa. Kuku alingoja garini.

Waliporudi, lami penye kivuko ilikuwa imepoa na kung'aa, huwezi kuonyesha ilipochanika. Kibao kilikuwa kimekauka. Mkaguzi alikuwa kwenye kiti cha kukunja kivulini mwa kibao, simu mkononi. Gari likafika, likagonga mara tatu. Mama alisema karibu. Hakuna kilichoinuka. Lami mpya ilikuwa nene.

Hodi ni tatu. Asiyefunguliwa baada ya hapo huondoka zake, na aliyemfundisha Randa adabu hiyo, kwa fimbo, ni huyohuyo aliyekaa siti ya mbele akiwa amefumbata mtandio. Randa aliendesha mpaka kwenye mzunguko. Njia ya nyumbani ilikuwa kulia. Alimtazama mama.

"Unanitazama nini?" alisema mama. "Geuza."

Akageuza. Mkaguzi aliwaona wakirudi, akasimama kutoka kitini na kunyoosha kidole kwenye kibao, herufi baada ya herufi, kama anayemsomesha mtoto. Mama alimpungia mkono. Kuku akapanda juu ya mgongo wa siti ili aone vizuri. Randa akapunguza mwendo, akaliweka gurudumu la kushoto palepale, na gari likapiga hodi ya nne.