Wati Sitini na Tano

Kwa miaka minane ufunguo wa chumba cha mitambo ulining'inia shingoni mwangu, na don Hilarión Tarqui, mwenye kituo chetu cha redio huku milimani, hakununua hata waya wa kipaza sauti kabla ya kuuliza, "Mhandisi anasemaje?" Mhandisi ni mimi, Casilda Limachi.

Mwezi wa Novemba alimwajiri Osmán Rivero kutoka Santa Cruz, nyanda za chini, aje kuhamishia kanda zetu za zamani kwenye kompyuta: saa elfu moja na mia tisa za watu wakizungumza Kiaymara, lugha ya wazee wetu, wengi wao wameshakufa. Kufikia Krismasi swali la don Hilarión lilikuwa limebadilika. "Osmán anasemaje?" Tena alimwita "mwanangu." Mimi hakuwahi kuniita hivyo, na sikuwahi kutaka, mpaka nilipomsikia akimwita yeye.

Kompyuta inayorusha matangazo haizimwi. Usiku hupiga muziki yenyewe, alfajiri husoma saa, mchana hupitisha sauti ya mtangazaji wetu, doña Vicenta, anaposoma matangazo ya familia kwenda vijijini. Ile ya zamani ilianza kuganda mwanzoni mwa Januari. Don Hilarión akatuambia sote wawili tulete mapendekezo Ijumaa ya tarehe kumi na sita: prosesa gani, yaani ubongo gani wa kompyuta, inunuliwe, na kwa nini.

Nilipima kwa siku saba. Matangazo yetu hutumia asilimia sita ya nguvu ya prosesa, na hayajawahi kuvuka kumi na moja. Kwa kazi hiyo, prosesa ndogo inayokula wati thelathini na tano inatosha, haipati joto, na inaweza kukaa miaka kumi bila kusumbua. Osmán alitaka kubwa, ya wati mia moja ishirini na tano, kwa sababu mashine hiyohiyo ingesikiliza kanda na kuandika maneno yake huku ikiendelea kurusha matangazo.

Jumatano ya tarehe kumi na nne nilikwenda kwa rafiki yangu mwenye duka huko La Paz, akaniazima prosesa aliyoitaka Osmán. Niliibebesha kazi nzito. Baada ya dakika kumi na moja ilifika nyuzi tisini na saba ikaanza kujipunguzia mwendo ili isiungue. Nilifurahi. Kisha, kwa kuwa kipimo kimoja si kipimo, niliingia kwenye mipangilio ya ubao mkuu nikaiwekea kikomo cha wati sitini na tano. Joto likashuka hadi sabini na mbili. Kasi ilipungua kwa asilimia kumi na nane tu. Nilirudia mara tatu, na majibu yakawa yaleyale: prosesa ya Osmán, ikiwa na kikomo changu, ingeifaa redio ile kuliko yangu.

Nilikunja karatasi ya vipimo mara mbili, nikaitia kwenye pochi.

Ijumaa doña Vicenta alileta mkutanoni salteña za moto, zile sambusa za kuokwa zenye mchuzi ndani. Osmán aliiuma yake ubavuni, na mchuzi ukamtiririka hadi kwenye kiwiko.

"Inaanzwa kwa juu, wewe mtoto wa joto," alisema doña Vicenta. "Unaishika wima, unainywa, ndipo unaila. Huko kwenu mnafundishwa nini?"

"Kwetu chakula hakituvizii, doña. Na kwetu maharagwe yanaiva. Hapa nimeyachemsha tangu Novemba, yananitazama tu."

Don Hilarión alicheka mpaka akavua kofia. Katika miaka minane sikuwa nimemchekesha hivyo. Nilingoja anyamaze, nikasema, "Maharagwe hayaivi kwa sababu tuko mita elfu nne, na maji huchemka kabla hayajapata joto la kutosha. Sababu hiyohiyo inaikataa prosesa yake. Hewa ya hapa ina theluthi mbili tu ya uzito wa hewa ya pwani. Feni itazunguka, lakini kinachopita kwenye kipoza joto ni kidogo. Kilichofanya kazi Santa Cruz hapa kitaungua."

Osmán alifuta kiwiko. "Hilo sikulifikiria," alisema. "Sasa tufanyeje, mhandisi? Hakuna njia ya kuituliza?"

Aliuliza bila hila. Pochi ilikuwa mapajani mwangu.

"Njia ni kutoinunua," nilisema.

Don Hilarión alitutazama kwa zamu. "Zile kanda zina sauti ya baba yangu," alisema hatimaye. "Nina miaka sabini na nne. Hiyo ndogo itaziandika lini?"

"Zote? Baada ya miaka mitatu hivi."

"Basi tuchukue ya mwanangu Osmán. Yeye atajua la kufanya."

Ikanunuliwa. Tarehe ishirini na sita ilianza kazi, na don Hilarión akachongesha ufunguo wa pili wa chumba cha mitambo. Kuanzia siku hiyo niliandika joto kila saa kwenye daftari la zamu, ambalo don Hilarión hulisoma na kulitia sahihi kila Jumatatu. Tisini na nne. Tisini na sita. Tarehe tatu Februari muziki ulikwama kwa sekunde mbili, tarehe tisa kwa nne. Niliandika hayo yote kwa mwandiko mzuri. Osmán alihamisha meza, akafungua dirisha, akanunua feni ya pili na ya tatu kubwa zaidi.

"Mhandisi, nisaidie," aliniambia siku moja. "Inanishinda."

"Nilikwambia mkutanoni."

"Uliniambia. Nakubali." Akaenda zake, na aliposhika korido nilimsikia akimsimulia doña Vicenta jambo, wakacheka. Nilikaa nikijiuliza kama walikuwa wananicheka mimi. Hakukuwa na ushahidi wowote wa hilo, lakini niliendelea kujiuliza mpaka jioni.

Kisha ikafika Jumanne ya Kanivali, siku ya ch'alla, ambapo kila mwenye biashara hushukuru vyombo vyake kwa kuvinywesha pombe na kuvivika maua. Don Hilarión huanza na pembe nne za nyumba na kumalizia na mashine: utepe wa karatasi, peremende nyeupe, na viganja vya chembechembe za karatasi za rangi vinavyorushwa juu ya kila kitu. Ndiyo maana kila mwaka, kabla hawajaingia, mimi hufunika matundu ya kompyuta kwa kitambaa cha wavu, na hukiondoa wakishatoka. Hakuna aliyenituma. Ni kazi ya dakika mbili.

Mwaka huu kitambaa kilibaki kwenye droo.

"Na shela ya bibi harusi iko wapi?" aliuliza doña Vicenta akiwa na glasi mkononi. "Kila mwaka humvisha."

"Mwaka huu bibi harusi si wangu."

Alinitazama kidogo, kisha akaenda studio, kwani saa sita ilikuwa inakaribia. Don Hilarión alimwaga tone la pombe sakafuni, akampa Osmán mfuko wa karatasi za rangi. "Rusha, mwanangu. Ukibania, nayo itakubania." Osmán hakubania. Alirusha kwa mikono miwili, kama mgeni anayetaka kuonekana anafanya vizuri, na feni zake tatu zikavuta. Niliziona karatasi zikigeuka hewani, nyekundu na njano, zikiingia kwenye matundu moja baada ya nyingine. Nilikuwa na muda wa kusema. Nakadiria sekunde arobaini.

Saa sita na dakika ishirini doña Vicenta alikuwa akisoma: "Kwa ndugu wa Saturnina Chambi walioko Puerto Acosta. Amefanyiwa upasuaji leo asubuhi, damu inahitajika, waje wawili wenye kundi la..." Redio ikanyamaza, na simu ya mapokezi ikaanza kulia.

Mimi na Osmán tulifika chumbani pamoja. Kompyuta ilikuwa imejizima kwa joto. Nilifungua ubavu wake. Utepe ulikuwa umejisokota kwenye feni kubwa, na mapezi ya kipoza joto yalikuwa yamejaa rangi kama keki. Nilitoa karatasi kwa kibano cha nyusi, yeye akishika taa.

"Huyo mama anahitaji damu," alisema.

"Shika taa vizuri."

Ilipowaka sikuiacha ianze kazi moja kwa moja. Niliingia kwenye mipangilio, nikafuta mia moja ishirini na tano, nikaandika sitini na tano. Haikunichukua hata nusu dakika, wala sikutazama karatasi yoyote. Doña Vicenta akarudi hewani, akasoma tangazo upya, mara tatu, na kundi la damu. Redio ilikuwa imekaa kimya dakika ishirini na sita.

Osmán alikuwa akiangalia namba ya joto. Kazi ya kanda ilikuwa imeanza tena na namba ilisimama kwenye sabini na moja.

"Hiyo sitini na tano umeitoa wapi?"

"Niliipima."

"Lini?"

"Januari kumi na nne."

Alihesabu. Nilimwona akihesabu. "Siku mbili kabla ya mkutano," alisema. "Na mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Don Hilarión aliingia akiwa bado na maua shingoni. "Mwanangu, kumetokea nini?"

Nilimngoja Osmán aseme. Nilikuwa nimeshapanga nitakavyojibu.

"Karatasi zimeingia, don Hilarión. Nimezirusha mimi, kwa kutojua," alisema. "Mhandisi ameitengeneza. Na amepata namna ya kuipoza, sasa kanda zitakwenda bila shida. Bila yeye tungekuwa bado kimya."

"Mhandisi anajua," alisema don Hilarión, akanipiga bega. "Siku zote nimesema."

Ndilo neno nililolingoja kwa miezi mitatu, na ni Osmán aliyeniletea, kama mtu anayempisha mwenzake kiti. Angenishtaki ningemdharau kwa raha. Hata katika hilo alinishinda, na nikamwonea wivu palepale, kuliko siku zote.

Walipotoka nilifungua daftari la zamu. Niliandika: "Saa 6:20 hadi 6:46, redio kimya. Sababu: karatasi za ch'alla, matundu hayakufunikwa, kitambaa kilikuwa kwenye droo yangu. Kikomo cha wati 65 kimewekwa leo, Februari 17. Kilijulikana Januari 14. C. Limachi."

Nikauvua ufunguo shingoni, nikauweka katikati ya kurasa, nikafunga. Jumatatu ya kutia sahihi ilikuwa bado siku sita.