Jibu Nililompa Nikiwa Juu ya Ngazi

Mimi ni fundi umeme, na binti yangu wa miaka kumi na sita alikuwa fundi kunishinda. Sisemi hivyo kumpamba. Ukoo mzima unajua mimi si mtu wa kusifu. Akiwa mzima hakugusa waya kabla ya kuzima swichi kuu, kung'oa fyuzi na kuitia mfukoni, asije mjinga mwingine akawasha. Mara kadhaa mimi baba yake ndiye niliyesahau, akanirudisha huku akinicheka.

Ila hakuwa mzima siku zote. Ana ugonjwa wa bipolar. Kuna majuma hushuka: hujifunika shuka gubigubi, na ukimuuliza lolote jibu ni "acheni tu." Kisha hupanda: usingizi hauji, maneno humtoka kama maji ya bomba lililopasuka, na kila tatizo ana jibu lake kabla hujamaliza kulieleza. Siku moja alipopanda hivyo alijitupa kuvuka barabara kuu, eti magari yatasimama. Muuguzi wa kliniki anakotibiwa akamfundisha kujizuia: taja tatizo, taja njia tatu, kisha muulize mtu mmoja unayemwamini kabla hujatenda. Alinichagua mimi. Mama yake aliona wivu kidogo, mimi nikavimba kichwa.

Baada ya mwezi mzima kitandani, asubuhi moja tulimkuta anaimba. Alikuwa amepiga deki nyumba nzima na kupanga upya sanduku langu la vifaa. Mama yake akaniambia mtoto hakulala hata dakika, twende kliniki kwanza. Nikamjibu kwamba akilala unalalamika, akiamka unalalamika. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimemkosa mwenzangu wa kazi, na nilichoka kubeba ngazi peke yangu. Nikamchukua.

Tulikwenda kwenye kiwanda cha mikate, ambako mashine ya kukandia unga ilikuwa imegoma. Nilipanda ngazi kufuata waya darini, mwenye kiwanda akawa chini ananifokea kwa kuchelewa. Binti yangu alikuwa kwenye ubao wa swichi. Baada ya muda akaja, mikono haitulii.

"Baba, kuna waya umelegea. Tukizima yote, mikate iliyo kwenye majiko itaharibika. Tunaweza kusubiri itoke, au tuzime tu, au niukaze hivyo hivyo umeme ukiwepo. Unasemaje?"

Kichwa kilikuwa kinamwenda mbio, lakini alisimama akauliza, kama alivyofundishwa. Mimi sikugeuza hata shingo.

"Tumia akili yako, usinichoshe," nikamwambia.

Nilisikia mlio mmoja mkavu, taa zote zikazimika. Nilivyoshuka ile ngazi sikumbuki.

Hospitalini walimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia vilivyoungua kwa umeme. Siku ya nne muuguzi wa kliniki alikuja wodini na faili lake, akavuta kiti karibu na kitanda.

"Mwanangu, mbona hukumuuliza baba kwanza?"

Binti yangu alinitazama. Macho yalikuwa makavu, ya mtu mzima kabisa.

"Sikumuuliza mtu," akasema. "Nilikurupuka tu. Ni ule ugonjwa."

Muuguzi akaandika. Mama yake, sauti imemkauka kwa kulia, akasema basi, hatagusa waya tena maisha yake yote. Binti yangu hakubisha. Alikuwa akiutazama mkono uliofungwa bandeji, na machozi yakaanza kumshuka taratibu. Nilijua kinachomliza si vidole.

Maneno yalikuwa mdomoni mwangu. Aliniuliza. Siku hiyo ugonjwa haukumshinda. Aliyeshindwa ni mimi. Ningesema hivyo tu, angebaki na kitu cha kushikilia maishani. Muuguzi akanigeukia, kalamu mkononi, akaniuliza kama nina la kuongeza.

"Hapana," nikasema. "Nilikuwa juu ya ngazi. Sikusikia chochote."