Wazima Huja Alhamisi

Leokadia alivaa miwani ya jua mwezi wa Novemba, mjini Stockholm, ambako jua lenyewe lilikuwa limeshachukua likizo. Akajifunga mtandio hadi puani, akateremka kituo kimoja kabla ya hospitali, akamalizia kwa miguu. Mtaani kwao Hallunda hakuna aliyejua kuwa anaishi na virusi vya Ukimwi. Dawa alizimeza kimya kimya, na vipimo vilikuwa havioni tena hata kirusi kimoja. Lakini vipimo haviendi kanisani. Binti yake Felicia alikuwa anaposwa Jumamosi. Siri ikivuja, posa ingegeuka matanga.

Alikuja kwa ajili ya utafiti. Nesi Rebecka alimweleza kwa simu: watachukua damu, wazikutanishe chembe zake za kinga na vipande vya kirusi cha mkanda wa jeshi, waone kama bado zinamkumbuka adui na kumkasirikia. Kazi hiyo ya kumkumbuka adui Mama Anthony wa kanisani angeifanya bila hata kudungwa sindano.

Akafungua mlango wa chumba cha kusubiria. Mama Anthony huyo hapo, miwani ya jua usoni.

Mwaka jana bibi Josefina alipotokwa na mkanda wa jeshi, Mama Anthony ndiye aliyemfukuza jikoni kanisani. "Kwetu tunajua ugonjwa huo unatangulia nini," alisema, kisha akaongoza maombi, kwa sauti, akimtaja jina. Uzee nao huleta mkanda, lakini uzee hauna utamu wa kusimulia.

"Mama Felicia! Macho yanakusumbua?"

"Mwanga mkali," alisema Leokadia. Nje giza lilikuwa limeshaingia. "Na wewe?"

"Huo huo." Mama Anthony akakohoa. "Mimi najitolea tu, dada yangu. Wanataka na wazima, wa kulinganisha na wale wenzetu."

"Hata mimi. Mzima wa kulinganishwa."

"Mungu asifiwe."

"Amina."

Wangeishia hapo wakabaki wazima wote wawili. Lakini ulimi wa Mama Anthony haujui kupumzika.

"Ila umekonda, mama. Jumamosi nitawaambia kina mama wakuombee. Nitasema tu nilikukuta hapa. Sitaongeza neno."

Neno la kuongeza lilikuwa la nini tena? Ndipo Leokadia akakumbuka jambo jingine aliloambiwa na Rebecka: makundi mawili, wenye virusi na wazima, hayatolewi damu siku moja, sampuli zisije zikachanganyika. Leo ilikuwa Jumanne. Kulisema ni kujianika mwenyewe. Akamfikiria Felicia, akavua miwani.

"Mama Anthony, wazima huja Alhamisi."

Mama Anthony akaitazama kalenda ukutani, kana kwamba itamwonea huruma na kuruka siku mbili.

"Na wewe je?" aliuliza, kwa sauti ndogo ambayo kanisa halijawahi kuisikia.

"Mimi pia nimekuja Jumanne."

Wakakaa.

"Jumamosi anapika nani?" aliuliza Leokadia.

"Mimi na kina mama."

"Na Josefina. Yeye ndiye atakayeshika mwiko wa pilau."

"Watu wataniuliza..."

"Utawajibu. Lini umepungukiwa na maneno?"

Rebecka akafungua mlango, akamwita Mama Anthony. Naye akainuka, akiikunja mikono ya sweta taratibu.

"Josefina huzidisha chumvi," alinong'ona.

"Tutakula hivyo hivyo," alisema Leokadia, akavaa tena miwani yake.