Marehemu wa Nyuma ya Kadi

Nzioka alisomewa habari za kifo chake Jumanne asubuhi, akiwa ameinama juu ya karai, mikono imezama hadi viwiko katika rojo la katani. Aliyemsomea ni mkewe, Syombua. Alisoma kutoka kwenye simu, miwani imemshuka puani, kwa sauti ileile aliyosomea rejista ya darasa la pili kwa miaka ishirini na tisa. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, maana hakuyaamini macho yake.

"'Kadi hii imechorwa kwa mkono na Syombua, mjane wa kijijini Machakos. Tangu mumewe alipoaga dunia, ndege wa uani wamekuwa faraja yake ya pekee. Unaponunua kadi hii, unamrudishia tumaini.'"

Maneno yenyewe yalikuwa ya Kiingereza. Syombua aliyageuza papo hapo, na kila alipoyageuza yalizidi kunuka. Aliyeyatuma ni binti yao, Wavinya, anayefanya kazi Syokimau. Alikuwa ameingia duka moja la zawadi mjini Nairobi, akamwona ndege chozi wa kijani juu ya kadi, akamjua mara moja kuwa ni wa mama yake, akamnunua kwa fahari. Kisha akageuza kadi. Alituma picha ya mbele na picha ya nyuma, na chini yake akaandika: "Mama, baba alikufa lini nami sikuambiwa?"

Nzioka alitoa mikono kwenye karai, akaikung'uta.

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Hawakusema."

"Na kwenye matanga? Mlipika muthokoi au pilau?"

"Baba Wavinya, hili si la kuchekea."

"Sicheki. Nataka tu kujua kama watu walishiba."

Basi na tuseme jambo moja ili haki ionekane. Kila kadi iliyotoka katika boma lile la Kangundo ilipitia mikono minne. Miwili ilikuwa ya Nzioka, aliyechemsha majani ya katani, akayatwanga kinuni mpaka yakawa rojo, akaliteka rojo lile kwa kiunzi cha mbao chenye wavu, akaanika karatasi ukutani. Miwili ilikuwa ya Syombua, aliyechora juu ya karatasi hiyo ndege waliomtembelea uani: chozi wa kwenye maua ya mshubiri, kuzumburu wenye mikia mirefu wanaomaliza mapapai kabla ya wenyewe kuyaonja, kwezi wa buluu mwenye tumbo la rangi ya kutu, na tetere wawili waliozoea kutembea chini ya mparachichi kama wazee wanaotoka kanisani. Yaani marehemu ndiye aliyetengeneza karatasi iliyotangaza kifo chake. Makubwa haya!

Kazi hiyo Nzioka aliianza baada ya kiwanda alichofanyia kazi huko Mavoko kumwachisha kazi yeye na wenzake. Alirudi nyumbani na buti na kofia ya chuma, akakaa kwenye benchi mwaka mzima akitazama barabara. Alikuwa akijibu akiulizwa, na asipoulizwa hakusema neno. Karatasi yake ya kwanza ilitoka kama chapati iliyoungua, nene huku, imetoboka kule. Syombua alichora juu yake ndege shore mwenye kishungi hivyohivyo, mguu mmoja ukipita juu ya tundu. Jioni ile Nzioka alikula chakula chake akakimaliza. Hayo hayakuandikwa nyuma ya kadi yoyote.

Mnunuzi wao alikuwa Loise, mwanamke kijana wa Nairobi mwenye maneno laini, aliyezichukua kadi nyuma zikiwa tupu na kuzibandika vibandiko hukohuko kwake. Syombua aliketi kwenye ngazi ya jikoni akajaribu kukumbuka ni lini alimwambia mtu huyo kwamba amefiwa. Akakumbuka. Ilikuwa siku ile moja tu Loise aliyofika, miaka miwili iliyopita; tangu hapo kadi zilikwenda kwa basi. Nzioka alikuwa amekwenda Mwala kwa dada yake, Nduku, kukata katani ya ua.

"Na mzee?" Loise aliuliza, akitazama huku na huku.

"Mzee hayuko."

"Aki, pole sana, mama."

"Asante. Nimeshazoea."

Lo! Hayuko. Neno la kila siku, neno la kumjibia mtu aliyekwenda dukani kununua chumvi, na lilitosha kumchimbia mtu kaburi. Syombua karibu acheke. Kosa ni kosa, na la ulimi halina mwenyewe. Alipompigia Loise simu, hasira yake ilikuwa tayari kushuka endapo ingeshikwa mkono.

"Mama, habari za huko?"

"Si nzuri. Nimesikia mume wangu amekufa."

"Woi, po—" Alijikatiza. "Lakini si ulisema hayuko?"

"Alikuwa Mwala, Loise! Anakata katani!"

Loise alicheka kicheko kifupi cha aibu, na Syombua akacheka naye. "Basi mwanangu, ondoa hayo maneno, yaishe."

"Mama, vibandiko vimeshachapwa vyote." Loise alivuta pumzi. "Na tuambiane ukweli. Kadi za ndege ziko nyingi. Yako watu wananunua kwa sababu ya hiyo habari. Wanasoma, wanaguswa."

"Wanaguswa na uongo."

"Wanaguswa na wewe, mama. Kwani inamdhuru nani? Ni maneno tu ya nyuma." Kisha, kwa sauti ya mtu anayefungua zawadi: "Jumamosi naleta wageni watano. Wanataka kadi za Krismasi, nyingi kuliko zote umewahi kuchora. Lakini wanataka kukuona kwanza, wakae na wewe kidogo. Sasa nilikuwa nasema, mzee hawezi kwenda Mwala hiyo siku? Ni siku moja tu."

Syombua alitazama nje. Nzioka alikuwa akiibandua karatasi ukutani polepole, ulimi umejitokeza pembeni mwa mdomo, kama afanyavyo kila mara asipotaka ichanike.

"Haya, nitafikiria," alisema, akakata simu, na papo hapo akatamani kujizaba kofi.

Haya! Neno hilo ndilo lililokuwa ugonjwa wake. Loise alipomwambia aache kuandika majina ya ndege chini ya picha, eti yanachafua kadi, alisema haya. Alipoambiwa apunguze rangi ya njano, haya. Alipoambiwa achore ndege mmoja mmoja, "mmoja anagusa zaidi, mama," akasema haya, akidhani watu wa mjini hawapendi msongamano. Tetere wa uani kwake hawakuwahi kuonekana mmoja hata siku moja! Lakini alimchora mmoja, kadi baada ya kadi, na sasa ndipo alipoelewa. Alikuwa akiwafiwisha ndege wake kwa mkono wake mwenyewe, na kushukuru juu yake.

Wanasema hasira hasara. Sawa. Mbona hakuna aliyewahi kumwambia hasara ya upole?

Jioni, wakinywa chai, alimweleza Nzioka yote. Alitarajia atatukana, au walau atafyonya. Nzioka alikoroga chai iliyokwisha kukorogwa.

"Kama ni siku moja, nitakwenda kwa Nduku. Hata hivyo katani imepungua."

"Hivyo tu?"

"Kadi nyingi hivyo, Mama Wavinya. Hatujawahi kupata kazi kubwa hivyo."

Aliyasema kwa wepesi, na wepesi huo ulimchoma Syombua kuliko kibandiko. Siku mbili hakumsemesha. Alichora kuzumburu, akamchana. Akachora kwezi, akamwekea jicho la mtu aliyetukanwa, akamchana naye.

Ijumaa alasiri alimkuta Nzioka akijiondoa. Hakukuwa na neno jingine la kuita kitu kile. Shati moja na mwavuli vilikuwa vimeshaingia mkobani. Karai lilikuwa limeoshwa na kufunikwa. Viunzi vimetolewa ukutani na kupelekwa ghalani, kinu kimefunikwa gunia, uwanja umefagiwa hata usingejua kama kuna mtu aliyewahi kutwanga kitu pale. Na sasa alikuwa ameinama mlangoni, anaokota buti zake za kiwandani.

"Mbona unaficha viatu?"

"Mjane atakuwaje na buti namba kumi mlangoni?"

Alicheka, kisha kicheko kikamwishia. Aliketi ukingoni mwa kitanda, buti zimelala mapajani.

"Kiwandani waliniambia niende nyumbani," alisema. "Sasa niko nyumbani, naambiwa niende Mwala. Nduku naye akinichoka, nitaelekea wapi?"

Hakusema kwa uchungu. Aliuliza tu, kama mtu anayeulizia njia.

Damu ilimchemka Syombua kutoka unyayoni. Iliwachemkia Loise na vibandiko vyake, na kiwanda kile, na watu wanaotaka kuonyeshwa machozi kabla ya kununua ndege. Zaidi ya wote ilimchemkia yeye mwenyewe, aliyemwacha mume wake afagie nyayo zake siku mbili asimwambie acha.

"Rudisha hizo buti mlangoni."

"Mama Wavinya..."

"Rudisha, nasema! Na karai. Na viunzi vyote, hata kile kilichovunjika. Kesho asubuhi nataka rojo jipya humu."

"Na kazi ya Krismasi?"

"Iende! Nilikuwa nachora ndege ubaoni Loise akiwa bado ananyonya!"

Nzioka aliinuka kitandani. Kisha akaenda akaziweka buti mlangoni, ya kushoto, halafu ya kulia, akarudi kuzinyoosha zikae sawa.

Wageni walifika Jumamosi saa nne, nguo zao safi, nyuso zimeandaliwa huruma. Mmoja alibeba kikapu cha matunda, kuleta matunda Kangundo! Loise alitangulia, mikono ameifumbata kifuani kama mtu anayeingia wodini.

"Wapendwa, huyu ndiye Mama Syombua, yule niliyewaambia..."

"Karibuni," Syombua alimkata kauli. "Karibuni sana. Na huyo mnayemwona kwenye karai ndiye marehemu."

Nzioka aliinua mkono unaochuruzika maji. "Habari zenu."

Wawili walicheka bila kujua wanachochekea. Loise alicheka kuwazidi. "Mama anapenda utani!"

"Sina utani." Alitoa kadi mfukoni, ileile ya Wavinya iliyokuja kwa basi jana yake, akaisoma yote, mjane, faraja, tumaini, kwa sauti ya darasani. "Miaka thelathini na mmoja ninaishi na mtu huyu. Mmemzika bila kuniuliza, na karatasi mliyomzikia kaitwanga yeye. Nilipomwambia huyu binti kwamba mume wangu yu hai, alijibu nimfiche. Mume wangu! Nimfiche kama pombe haramu! Anayetaka ndege, ndege hawa hapa. Anayetaka mjane, hayuko."

Kuzumburu waliendelea kupigana kwenye mpapai. Kisha mwenye kikapu akaanza kurudi garini, na wengine wakamfuata wakitazama chini. Loise alimsogelea Syombua, uso umemvimba.

"Umeharibu kila kitu, mama. Hiyo kazi yote imeenda."

"Haya," alisema Syombua.

Alidhani wameondoka wote, kumbe mmoja amebaki. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyejitaja kwa jina la Munyiva, mzaliwa wa Kithimani, na mkononi alishika kadi ya chozi iliyochakaa pembe.

"Nilinunua ishirini," alisema. "Mwezi niliomzika mume wangu. Watu waliokuja matangani niliwaandikia asante kwa kadi zako. Hii moja nikaiweka."

Syombua alikuwa amejiandaa kupigana na waongo. Kwa mtu huyu hakuwa na silaha. "Si mimi niliyeandika," alisema.

"Najua, nimesikia. Lakini usiku nilikuwa naitoa naisoma. Nikisema, yuko mwingine huko Machakos, na yeye anaamka na kuchora." Alimtazama Syombua usoni. "Nililia na wewe, mama. Mimi nililia na wewe kwelikweli! Sasa nililia na nani?"

Hasira yake ilikuwa ya haki, nayo ilikuwa kubwa kuliko ya Syombua. Syombua aliona aibu ambayo haikuwa yake, na hakujua aitue wapi.

Munyiva aligeuza kadi, akaanza kukibandua kibandiko kwa ukucha. Kiligoma, kisha kikatoka ghafla pamoja na ngozi ya karatasi. Alimpelekea Nzioka kadi hiyo iliyochunika.

"Hii inaweza kurudi majini?"

"Inaweza," alisema Nzioka.

Munyiva aliidondosha mwenyewe ndani ya karai. Kwa muda chozi alielea, tumbo juu, kisha rangi yake ya kijani ikaanza kumtoka na kuingia rojoni. Syombua alikuwa amemchora asubuhi nzima ndege yule, kila unyoya. Alisimama akamtazama akizama, wala hakunyoosha mkono.

Honi ya gari ililia langoni. Nzioka alijifuta mikono kwenye suruali, akavuta benchi lake lile la zamani mpaka kivulini.

"Keti kidogo, mwaitu, mama yetu," alisema. "Wako aliitwa nani?"

Honi ililia mara ya pili.

"Maundu," alisema Munyiva, akaketi.