Dada, Niletee Maji

Afisa kazi alipoingia hotelini kwa Gaudensi, pale Likombe, mwaka 2007, sisi wahudumu watatu tulikuwa tumekalishwa kama wateja. Gaudensi alitonywa asubuhi. Akatuvua aproni, akatutawanya mezani, kila mmoja na sahani ya wali.

"Kuleni, leo bure. Atakayenichoma, jioni hii hii anarudi kwao."

Mimi kwetu Mtawanya, karibu, ningetembea. Mwenzangu Tatu kwao Mahurunga, mbali, na mimba ilishaanza kuinua kanga yake. Aliyempa mimba alishavuka mto Ruvuma kwenda nchi ya pili, hana habari naye.

Redio ilishatuambia: sheria mpya inataka mkataba wa maandishi, mapumziko kila wiki, na mjamzito apewe likizo yenye malipo. Gaudensi ndiye aliyeizima, kwa kidole chenye unga. Sijasahau.

"Nani anahudumu hapa?" afisa akauliza.

"Mimi na mke wangu tu, mheshimiwa. Riziki ndogo."

Ndipo akaingia Shafii, kuli wa bandarini, mteja wetu wa kila siku. Akavuta kiti, wala hakutazama mtu.

"Dada, niletee maji. Na pilipili, siyo ile ya jana ya kumliza mtu kama mfiwa."

Tatu akasimama. Hakufikiri, miguu ilishazoea. Alikwishashika jagi ndipo akajua alichofanya. Maji yakammwagikia miguuni.

"Mbona mteja anatumwa?" afisa akasema.

Gaudensi akacheka. "Huyo mpwa wangu. Anapenda kusaidia."

"Mpwa?" Shafii akageuka. "Jana si ulimwambia utamkata mshahara kwa glasi moja iliyovunjika? Hivyo ndivyo mnavyolea wapwa huko kwenu?"

Afisa akamtazama Tatu. "Binti, umeajiriwa hapa?"

Tatu alimwangalia Gaudensi, akaangalia tumbo lake mwenyewe. Nilikwenda kaunta, nikavaa aproni yangu.

"Ameajiriwa, mzee. Na mimi. Mkataba hatujawahi kuuona."

"Ndiyo," Tatu akanong'ona.

Irene, mwenzetu wa tatu, aliendelea kutafuna, macho sahanini. Simlaumu, ana watoto.

Afisa akambana Gaudensi, mikataba ikaletwa, hata ya Irene. Tatu alijifungua akiwa likizo, akilipwa. Mimi nilitafutiwa kosa, nikaondoka.

Mpaka leo nikiingia hoteli yoyote, siagizi maji kabla sijatazama waliokaa. Nani anakula, na nani kakalishwa.