Beseni Lenye Kiraka Chekundu

Mume wangu Bakhit ana mikono myepesi kuliko akili yake. Namsema kwa mapenzi, lakini namsema. Siku moja kabla ya Sala ya Beseni ya binti yetu, mama mkwe alilisugua beseni lake la buluu, akalianika uani. Na ua wetu, kama nyua zote za wazoa taka hapa chini ya mlima Muqattam, una vilima vya plastiki: cha nyeupe, cha nyekundu, cha buluu. Beseni lilikaa jirani na kilima cha buluu. Bakhit alikuwa akipakia mashine ya kusaga plastiki, akalitia humohumo.

Nilikuwa ndani nikinyonyesha niliposikia yowe.

"Bakhit! Beseni langu liko wapi?"

"Beseni gani, mama?"

"La ndugu yako! Lenye kiraka chekundu!"

Bakhit akazima mashine. Gunia lililo chini yake lilikuwa limejaa chenga za buluu.

Kila mtoto wa nyumba hii alipotimiza siku saba, padri alilijaza maji beseni hilo, akaliombea, mtoto akaogeshwa. Wa mwisho alikuwa Wadie, mdogo wake Bakhit, aliyefariki kabla hajajua kutembea. Beseni lilikuwa limepasuka siku ya sala yake, na marehemu baba yao akaliziba kwa kipande chekundu cha plastiki alichokiyeyusha kwa pasi. Picha ya Wadie haipo. Mama mkwe alikuwa na kiraka hicho tu, na kesho yake binti yangu alikuwa aogeshwe humo. Nilimwonea huruma hata nikasahau kumkasirikia mume wangu.

Mama mkwe akaketi chini, akaanza kuchambua gunia. Vidole vyake vimechambua taka za Kairo tangu usichana wake, na vikaokota chenga nyekundu moja moja. Akazifumbata.

"Mama, twende kwa ami Gayed," Bakhit akabembeleza. "Atatutengenezea jingine kutokana na hilohilo."

"Kule kwenye moto? Peleka maiti wako mwenyewe!"

Miaka yote hiyo alichambua, lakini karakana ya Gayed ya kuyeyusha plastiki, hatua chache tu ng'ambo ya kichochoro, hakuwahi kuikanyaga. Lakini Bakhit alipolibeba gunia, akalifuata, chenga nyekundu bado zimo ngumini. Nami nikafuata na mtoto kifuani, majirani wakinifokea madirishani: "We Galila! Mzazi wa juzi, rudi kitandani!"

Chenga zikaoshwa kwa maji ya moto na magadi, zikaanikwa juu ya paa. Alasiri Gayed akazimimina kwenye mdomo wa mashine. Mama mkwe akasogea na ngumi yake.

"Nyekundu itaniharibia rangi, mama Bakhit," Gayed akasema.

"Iharibike."

Lakini ngumi haikufunguka. Tulingoja. Kisha akazirusha zote kwa mpigo mmoja, akaficha uso kwenye mtandio.

Upande wa pili zikatoka nyuzi za buluu, laini kama makaroni, zikifuka mvuke. Zikapita majini, zikakakamaa, kisu kikazikata punje punje. Punje zikaingia kwenye mashine nyingine. Vyuma viwili vikakumbatiana, vikaachana, beseni likadondoka. Jipya, linang'aa, halina hata mkwaruzo! Nimezaliwa kwenye plastiki nikadhani naijua. Nilisimama mdomo wazi, mwili ukinisisimka.

Mama mkwe akafanya ishara ya msalaba. "Mungu wangu," akanong'ona. "Linazaliwa."

Likaja la pili, na jingine, na jingine. Kila moja alilipokea likiwa moto, akaligeuza, akalipapasa.

"Kiraka kiko wapi? Kiko kwenye lipi?"

Gayed ni mtu wa mzaha, lakini hapo alivua kofia. "Kimeyeyuka, mama. Kiko kwenye yote."

Mama mkwe akayatazama yalivyorundikana hadi kiunoni mwake.

"Tutayachukua yote, mama," Bakhit akasema, machozi yakimlenga. "Hauziwi mtu."

"Yote utayaweka wapi, mjinga wewe?" Akachagua moja, bado lina joto, akanipa. "Hili la mjukuu wangu. Mengine wauzie wenye watoto, popote walipo."

Akayapangusa yale mengine kwa upindo wa gauni lake.

"Wadie hakuwahi hata kuvuka kichochoro hiki. Mwache atembee."