Unga wa Ndagala

Wifi yangu Constance alimzika mwanawe Gradi kule Uvira, kabla hatujakimbia Kongo. Mfupa wa samaki ulimkwama kooni, mtoto wa miaka miwili, akafia mikononi mwake. Tangu siku hiyo samaki hakuingia tena nyumbani kwake. Tulipofika Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, akamzaa Gisèle, akamlea kwa uji wa mahindi, ugali na maharage. Maziwa tuliyaona juu ya pikipiki za watu tu, yakienda kuuzwa Mbarara. Nilisema mtoto apewe samaki, nikasema tena, nikaambiwa nina mdomo. Kweli ninao.

Gisèle alipofika miaka mitatu, miguu ilikuwa imepinda na alikuwa akianguka kila mara. Majirani wakanong'ona kwamba amerogwa. Niliwaambia wakalale, nikawapeleka mama na mtoto hospitalini Mbarara.

Muuguzi mmoja, Mackline, alimpapasa mtoto magoti na viwiko.

"Mama, hii mutoto mifupa yake iko laini. Jua anapata, lakini kalisiamu hapana. Mupatie maziwa. Kama hakuna, patia yeye mukene, ile samaki kidogo, na mifupa yake yote. Bado mudogo, miguu inaweza kunyooka. Ukichelewa, itabaki hivyo."

Constance akambeba mtoto mgongoni, tukaondoka. Tulipokaribia Kabingo, njiani kurudi kambini, akaniuliza.

"Wifi, samaki tena? Nitabaua bote?"

"Hao samaki tutabatwanga mpaka bakuwe unga," nikamwambia.

Nikanunua ndagala, hao hao ambao huku wanaitwa mukene. Kesho yake nilimkuta ameshatwanga, anachekecha, na chenga zilizobaki anaziweka pembeni juu ya jani la mgomba ili akazitupe. Nikazitazama vizuri. Ilikuwa mifupa mitupu. Hasira zikanipanda.

"Constance! Hiyo mifupa unataka kutupa, njo miguu ya Gisèle!"

Akaziangalia zile chenga. Kisha akazimimina zote kinuni, akatwanga huku akilia na kumwita Gradi kwa sauti. Sikumnyamazisha. Na mimi nilikuwa nalia.

Akakoroga ule unga kwenye uji, akaonja yeye kwanza, akangoja. Halafu akamlisha Gisèle kijiko kimoja, kidole chake kikiwa kwenye koo la mtoto, mpaka alipousikia uji ukishuka.

Gisèle akafungua mdomo kuomba kingine. Constance akakijaza kijiko, akampa.